Omnipay na malipo ya simu Lubumbashi: uzoefu wangu

Omnipay ni maktaba ndogo ya PHP, lugha ya kuandikia tovuti. Duka lako linaongea lugha moja ya malipo, kila mtoa huduma wa malipo anakuwa na draiva yake (kipande cha msimbo kinachoongea naye), na ukibadilisha mtoa huduma hugusi duka. Nimeitumia kwenye maduka ya mtandaoni ya hapa Lubumbashi, Kongo (DRC), ambako wateja wengi hulipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Naipenda, ila ilishonwa kwa vipimo vya kadi za benki. Mabega unayarekebisha mwenyewe.

Kusakinisha kwa Composer, kisakinishi cha maktaba za PHP, ni mstari mmoja: composer require league/omnipay. Draiva ya mtoa huduma wako ikikosekana unaiandika: klasi ya Gateway, klasi ya ombi yenye getData na sendData, na klasi ya jibu. Kazi ya siku moja au mbili.

Penye mtego ni pesa. Bei ikiwa franga 25.000, getAmount inakupa "25000.00" na getAmountInteger inakupa 2500000, kwa kuwa kiwango cha ISO kinaipa CDF (franga ya Kongo) tarakimu mbili za sentimu, hata kama hakuna anayezishika sokoni. Mtoa huduma akitaka namba nzima ukamtumia hiyo ya pili, mteja anaombwa milioni mbili na nusu. Gawanya kwa 100 kwanza. Na sarafu itajwe kila mara: hapa kwetu "25" bila USD wala CDF si bei.

Namba za simu zisafishe kabla ya kutuma: ondoa nafasi, alama ya kujumlisha na sifuri ya mbele, zibaki 243 na tarakimu tisa.

Sasa isSuccessful, yaani swali "malipo yamefanikiwa?". Kwa kadi, jibu la ndiyo likija kwa kawaida pesa imeshakatwa. Kwa simu, jibu la kwanza maana yake ni "ombi limepokelewa" tu. Mteja bado anatafuta simu yake aweke PIN. Kwa hiyo kwenye draiva yako isSuccessful irudishe false na isPending irudishe true. Malipo yanathibitishwa baadaye, ujumbe wa mtoa huduma ukifika kwenye seva yako na kupokelewa na acceptNotification. Hata hapo, muulize mtoa huduma hali ya malipo kabla ya kutoa mzigo, maana anwani inayopokea ujumbe huo iko wazi na yeyote anaweza kuigongea. Ujumbe huohuo unaweza kuja mara mbili; weka UNIQUE (isijirudie) kwenye safu ya transactionReference ya hifadhidata.

Majina mawili yanachanganya watu: transactionId ni namba yako, transactionReference ni ya mtoa huduma. Hifadhi ya kwanza kabla ya kutuma ombi. Mtandao ukikatika katikati, cURL, chombo kinachotuma ombi, mara nyingi inatoa kosa namba 28 (muda wa kusubiri umekwisha), na hapo huna kitu kingine cha kuulizia. Usitume upya papo hapo! Huenda ombi la kwanza lilifika, na mteja ataombwa PIN mara mbili. Akiwa mtiifu, analipa mara mbili.

Seva ya majaribio iwe na anwani ya HTTPS inayofikika kutoka nje. Kwa localhost, yaani kompyuta yako mwenyewe, ujumbe haufiki kamwe.

Na saa: Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Hifadhi kila kitu kwa UTC (saa ya kimataifa) na ripoti uitoe kwa saa ya Lubumbashi, la sivyo malipo ya saa sita na nusu usiku yataingia kwenye ripoti ya jana.