Keki bila maziwa ya ng'ombe: ununue nini kwanza?

Mwanangu wa pili alipogundulika ana mzio wa maziwa, nilikuwa tayari naoka keki za oda hapa Dar es Salaam. Nikakimbilia supamaketi, nikajaza kapu maziwa ya lozi ya paketi, bei yake ya kuumiza. Keki zikatoka zimepauka na kukauka. Kumbe kitu kilichonifaa kilikuwa sokoni, kinauzwa nazi moja moja.

Kabla hujatoa hela, ujue unayemwokea ana tatizo gani. Kama tumbo lake halimudu laktosi, yaani sukari ya maziwa, mnunulie maziwa ya ng'ombe yaliyoondolewa laktosi na usibadili kipimo chochote. Mwenye mzio ni habari nyingine: kinachomdhuru ni protini, na hiyo imo hata kwenye maziwa hayo. Samli nayo usimpe, maana mabaki ya protini hayakosekani humo.

Badala ya maziwa

1. Tui la nazi. Kwangu hili ndilo la kwanza, na la kukamua mwenyewe linalishinda la kopo. Chagua nazi nzito, ukiitikisa usikie maji yakicheza, na macho yake yawe makavu, hayana ukungu. Ikune, tia maji ya uvuguvugu, kamua. Wengi hukosea hapa: wanamimina tui zito kikombe kwa kikombe, keki inatoka nzito, inaacha mafuta vidoleni. Tui zito la kopo mara nyingi lina gramu 17 hadi 20 za mafuta kwa kila gramu 100; maziwa ya ng'ombe yana 3 hadi 4 tu. Kwa hiyo kila sehemu moja ya tui zito iongezee maji sehemu moja hadi mbili. Ukitaka kulitumia lilivyo, punguza siagi. Tui bichi litumie siku hiyohiyo, joto letu halilisubiri.

Ladha ya nazi itasikika, sikufichi. Tia iliki, itakaa vizuri. Mkate wa kumimina wa pwani ni mchele, tui, sukari, hamira na iliki, na hakuna anayeuuliza maziwa yako wapi.

Ukinunua la kopo, soma kiasi cha nazi kilichoandikwa na uchukue lenye nazi nyingi, lisilotiwa sukari.

2. Maziwa ya soya, yasiyo na sukari. Protini yake inakaribia ya maziwa ya ng'ombe, ndiyo maana keki inashika rangi na umbo. Hayana mpinzani pale mapishi yanapotaka mtindi: kikombe kimoja cha soya, kijiko kimoja cha chakula cha ndimu au siki, subiri dakika kumi yagande kidogo. Tui halifanyi kazi hiyo vizuri. Ila kuna watoto wenye mzio wa maziwa ambao soya pia inawadhuru. Uliza daktari kwanza.

3. Maziwa ya oti. Mazuri, ladha yake ni ya upole. Bei ndiyo inayoyashusha.

4. Lozi na mchele. Mepesi mno kwa keki. Kama yapo nyumbani tumia, kuyafuata dukani sikushauri.

Badala ya siagi

Hapa nazi inapoteza nafasi yake. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 24, na Dar karibu mwaka mzima ni kimiminika. Huwezi kuyapiga na sukari yakashika hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua keki. Arusha wakati wa baridi utafanikiwa.

Nunua majarini ya kuokea yenye mafuta asilimia 80 hivi, sawa na siagi, ubadilishe gramu kwa gramu. Zile laini za kupaka mkate mara nyingi zina maji mengi, na biskuti zake zinatanuka kwenye trei. Tafadhali soma maandishi madogo kila unaponunua, hata kama ni ileile ya juzi: baadhi ya majarini zimetiwa maziwa. Ukiona whey, casein au milk solids, rudisha rafuni.

Mafuta ya alizeti ni ya pili, na ni nafuu. Penye siagi gramu 100, weka mafuta gramu 80 na maji kijiko kimoja cha chakula kilichojaa. Keki ya ndizi au karoti hutoka laini kuliko ya siagi. Biskuti za kukata kwa kibati usizijaribu kwa mafuta haya.

Krimu ya kupamba

Unga wa krimu ulioandikwa kuwa si wa maziwa unaweza kuwa na kaseini ndani, nayo ni protini ya maziwa. Mimi hupiga majarini hiyohiyo ya kuokea na sukari ya unga, kisha kijiko kimoja cha tui zito. Ikianza kulegea, iweke kwenye friji dakika 20 kabla ya kupamba.