Mashine ya kukwangua barafu nyumbani: nilikaribia kuirudisha kwa kosa lisilo lake

Nina blenda yenye nguvu, na kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba inatosha. Joto likizidi natia vipande vya barafu, naminya swichi, na baada ya nusu dakika napata kitu kama chumvi ya mawe iliyolowa. Ukiimwagia shira, shira inapita moja kwa moja hadi chini ya bakuli. Juu inabaki barafu isiyo na ladha, chini kijibwawa cha sukari. Watoto wanafyonza kijibwawa kwa mrija, barafu wanaiacha.

Blenda inavunja. Mashine ya kukwangua inafanya kazi ya randa ya seremala: kisu kimechomoza kidogo kwenye mwanya, bonge la barafu linakandamizwa juu yake huku likizunguka, na kinachodondoka ni maranda membamba. Maranda yakilaliana yanaacha hewa katikati, kwa hiyo shira inanaswa humo badala ya kukimbilia chini. Hilo ndilo nililolipia. Nimeitumia miezi minne sasa, na nashukuru sikuandika maoni yangu wiki ya kwanza, maana ningeiponda bila sababu.

Kabla ya kununua niliazima ya mkono ya dada yangu. Haina kelele, haitaki umeme, na bakuli moja au mawili ni mchezo. Bakuli la tano bega linaanza kukudai, na kama meza ni nyepesi inabidi mtu mwingine aishike. Nikaangalia pia zile za umeme zinazopokea vipande vidogo vya barafu, vile vya kawaida vya friji. Zinavutia kwa sababu huhitaji chombo maalumu, ila kwenye zile mbili nilizopata kuziona zikifanya kazi, vipande vilikuwa vinarukaruka juu ya kisu badala ya kutulia, na kilichotoka kilikuwa karibu sawa na cha blenda yangu. Nikaamua kuchukua ya umeme inayotumia bonge la duara: unagandisha maji kwenye kikopo chake, unatumbukiza bonge lote, kuna sahani yenye meno inayolishika kwa juu na kulizungusha.

Neno moja kuhusu volti, kwa sababu hapa nusura nipoteze hela. Mashine nyingi za aina hii zinatengenezwa kwa ajili ya Japani na Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 100 na 120. Nchi nyingi nyingine zinatumia 220 hadi 240. Muuzaji wa kwanza nilipomuuliza alijibu "inafanya kazi popote". Nikamwomba picha ya kibandiko cha chini ya mashine. Akazunguka, akazunguka, mwisho akaituma: volti 110 tu. Ningeichomeka kwenye soketi yangu mota ingeungua kabla sijaonja kitu. Niliagana naye nikanunua kwingine. Usikubali maneno, omba picha ya kibandiko.

Boksi lilikuwa na mashine yenyewe, vikopo viwili vya plastiki vya kugandishia, kitambaa cha mpira cha kutandika chini na kijitabu cha kurasa nne chenye herufi za kuumiza macho. Kisu kinakuja kimeshafungwa, na kina mafuta ya kiwandani. Nilikifuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni, na bado bakuli la kwanza nililimwaga. Lilikuwa na mstari wa kijivu sikuupenda. Miguu ina vikombe vya mpira vinavyonyonya meza. Kwenye mbao havishiki, kwenye vigae vyenye mifereji havishiki, kwenye kaunta laini iliyopanguswa kwa kitambaa chenye unyevu vinang'ang'ania mpaka unahitaji kisu cha meza kuvibandua.

Kisha nikawasha, ikanyamaza. Nikabadili soketi. Kimya. Nikabadili tena, nikaanza kumtafuta muuzaji kwenye simu, ndipo nikaona mfuniko una kijino kidogo ambacho lazima kilie "ta" mahali pake. Ni swichi ya usalama: mfuniko usipofunga vizuri, mota haigeuki. Ilinichukua dakika kumi za hasira kuigundua, lakini nyumba yenye watoto wanaopenda kuingiza vidole kila tundu, sitaki mashine isiyo nayo.

Kikopo cha kwanza nilikiua mwenyewe. Nilikijaza maji mpaka ukingoni, nikafunga kifuniko, nikalala. Maji yakiganda yanaongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na hayaombi ruhusa. Asubuhi plastiki ilikuwa imepasuka kuanzia juu hadi chini. Ndani ya kikopo kuna mstari, na mstari ule una maana yake. Baadaye niligundua kuwa chombo chochote cha plastiki chenye upana uleule na pande zilizonyooka kinafaa, kwa hiyo sasa nina vitano na sikununua hata kimoja. Jambo la kuangalia ni upana tu: bonge likiwa jembamba linayumba chini ya sahani, likiwa nene haliingii kabisa.

Na liache ligande usiku kucha. Kutazama nje hakutoshi, kwa sababu katikati ndiko kunakoganda mwisho. Nilijaribu bonge lililokaa friza kwa saa tano tu, likapasuka chini ya sahani na maji yaliyokuwa tumboni mwake yakanirukia shati.

Sasa nije kwenye lile lililokaribia kunifanya niirudishe. Kwa wiki mbili nzima mashine ilinipa chenga. Si laini kama nilivyoona kwenye picha, chenga tupu, bora kidogo kuliko za blenda lakini si kwa kiasi cha kununulia mashine. Chini yake kuna kitasa cha kupandisha na kushusha kisu. Nilikizungusha kisu kikaingia ndani kabisa, ikatoka vumbi na mota ikaanza kunguruma. Nikakitoa nje, zikatoka kokoto. Katikati, mchanganyiko wa vyote viwili. Nikaandika ujumbe wa malalamiko kwa muuzaji, mrefu, wenye picha tatu, nikauacha ili niupitie asubuhi kichwa kikiwa kimetulia.

Jioni ileile binti wa dada yangu alikuwa anakula lake pale jikoni. Akachimba kwa kijiko, akaniuliza, "Mjomba, mbona kila siku ya juu ni laini, ya chini ndiyo inakwaruza?"

Nilitaka kumjibu kwamba anakosea, kisha nikachimba bakuli langu. Alikuwa sahihi. Barafu ya chini ya bakuli ndiyo iliyotoka kwanza, ya juu ndiyo iliyotoka mwisho. Bonge lilikuwa lilelile, kisu kilekile, kitasa hakikuguswa. Kilichobadilika ni muda tu: nusu ya pili ya bonge ilikuwa imekaa nje ya friza dakika kadhaa zaidi.

Friza ya nyumbani hukaa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Barafu ya ubaridi huo ni kavu na inavunjika kama kioo. Kisu kikiigusa hakipati kukata, kinaibomoa. Ikiachwa nje mpaka uso wake ukaribie sifuri, inalegea kiasi cha kukubali kuparwa. Siku iliyofuata nilitoa bonge, nikaliweka kwenye sahani, nikasubiri. Mwanzoni lina ukungu mweupe kama limepakwa unga. Ukungu ule unafifia polepole, halafu ghafla bonge linang'aa na kulowa. Hapo ndipo nililitia. Hata sauti ilibadilika: badala ya kelele ya kokoto kwenye debe, ilikuwa kama mtu anapiga msasa mbao kwa mbali. Kilichodondoka kwenye bakuli kilikuwa kinajikunja.

Jikoni kwangu inachukua kati ya dakika tano na nane. Siku ya joto kali, nne. Sitazami saa tena, natazama mng'ao. Na kuna kuzidisha pia: bonge likishaanza kudondosha matone, linateleza chini ya sahani, linazunguka bila kushikwa, na unapata uji.

Baada ya hapo kitasa kikaanza kuwa na maana. Naanza kisu kikiwa ndani, nakwangua kidogo, nazima, nachomoa plagi, nakitoa kwa robo mzunguko, nakwangua tena. Kwa bonge lililolowa tofauti ya robo moja inaonekana wazi. Kwa bonge kavu nilikuwa nazungusha kitasa kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio mbovu.

Nimejaribu pia kupata barafu angavu isiyo na kiini cheupe. Kuchemsha maji kwanza, kama wengi wanavyoshauri, sikuona kumebadilisha chochote. Kilichofanya kazi ni kuweka maji kwenye kontena lenye kuta nene za kuzuia joto, lisilo na kifuniko, ndani ya friza. Maji yanaganda kuanzia juu kwenda chini, viputo vya hewa vinasukumwa chini, na ukikatisha kabla sehemu ya mwisho haijaganda unapata bonge kama kioo cha dirisha. Linatoa maranda marefu kweli. Lakini linakula friza nzima na kuna kazi ya kulikata litoshe kwenye mashine. Kwa mgeni wa heshima, sawa. Kwa siku ya kawaida, hapana.

Shira yangu ni sukari na maji kwa uzito sawa, nachemsha mpaka sukari ipotee, natia maji ya limau au embe lililochujwa, halafu inalala kwenye friji. Lazima iwe baridi. Shira ya vuguvugu inachimba shimo katikati ya bakuli na kazi yote imekwisha. Na usimimine yote juu: weka nusu ya barafu, shira, nusu nyingine, shira tena. Ya matunda ikiwa nzito sana inakaa juu kama kofia, iongeze maji.

Kilichonishangaza zaidi ni bonge la maziwa. Changanya maziwa na maziwa mazito ya kopo yenye sukari, gandisha. Kwa sababu ya sukari na mafuta haligandi kuwa gumu kama la maji, kwa hiyo linaingia kwenye mashine likitoka friza moja kwa moja, bila kusubiri, na linatoka kama kitambaa. Shida ni usafi: osha dakika ileile. Maziwa yakikaukia nyuma ya kisu yananuka kesho yake.

Mwili wa mashine hauzamishwi majini, unafutwa tu. Kisu nakisugua kwa mswaki wa zamani, si kwa vidole. Kinakata hata kikiwa kimesimama, nina kovu dogo la ushahidi. Kisha nakikausha. Kimeandikwa kuwa ni cha chuma kisichoshika kutu, lakini nilikiacha na maji usiku mmoja nikakuta nukta ya kahawia. Ilitoka kwa kusugua, sijarudia.

Malalamiko ninayo. Waya ni mfupi kiasi cha kuchekesha. Hakuna trei ya kukinga maji, kwa hiyo kaunta inalowa. Kila bonge linabakiza kipande cha duara chenye unene wa kidole ambacho kisu hakikifikii. Vyangu vinaishia kwenye jagi la maji ya kunywa. Na mota si ya biashara: kijitabu kinasema ifanye kazi dakika moja kisha ipumzike. Siku tulipokuwa na wageni nilifululiza mabonge sita, ikazima yenyewe katikati ya la saba kwa kupata joto. Baada ya nusu saa iliwaka kama vile hapakutokea kitu, ila wageni walikuwa wameshahamia kwenye chai.

Mwezi uliopita dada alileta ile yake ya mkono tukaziweka pamoja. Mabonge mawili yaliyong'aa sawasawa, bakuli mbili, tukamfumba macho binti yake na kumpa vijiko viwili. Hakuweza kuzitofautisha. Kwa hiyo kama nyumbani mko wawili au watatu, nunua ya mkono na uweke akiba tofauti ya bei. Sisi tuko saba, na bega langu nalijua, kwa hiyo hii ya umeme inabaki. Ule ujumbe wa malalamiko bado uko kwenye simu, na picha zake tatu za chenga.