Kivuli cha nje au pazia la ndani?
Saa kumi alasiri, kaa upande wa magharibi wa ofisi ya vioo pale Posta, Dar es Salaam: pazia limeshushwa, taa zinawaka mchana kweupe, kiyoyozi kinahema. Pazia ni bei nafuu, lakini jua limeshapita kwenye kioo. Joto limo ndani tayari. Mabamba ya alumini yaliyofungwa nje hulizuia kabla halijaingia. Kaskazini na kusini, ambako jua la adhuhuri huwa juu, ya mlalo yanatosha. Magharibi jua huja limelala, hivyo yasimame wima, yakiwa yamepindishwa kidogo. Gharama ipo, na vumbi, na kunguru (hao hawakosi pa kutua). Chuma cha kawaida usithubutu: chumvi ya bahari itakitafuna. Mimi ningechukua ya nje, hata kama ni kwa upande wa magharibi tu.