Pesa za msaada kwa simu: uzoefu wa mama yangu, na yule msichana wa dirishani

Wacha niandike hii nikiwa bado na hasira, kwa sababu nikipoa nitaanza kusema ah, wacha tu yaishe, na huko kusema yaishe ndio kumetufikisha hapa.

Mama yangu ni mmoja wa wale wamepata zile pesa za msaada zinatumwa moja kwa moja kwa simu, huko Siaya, upande wa Ugunja. Shirika sitalitaja, na lile duka la kutolea hizo pesa pia sitalitaja, sitafuti kesi na mtu. Wengi wenu mnajua vile hiyo kitu hufanyika, watu wanapita boma kwa boma wanaandika majina, wanaangalia unalala wapi na paa yako ni ya nini, halafu siku moja simu inalia na meseji iko na sifuri nyingi kuliko zile umezoea. Hakuna riba wala kurudisha, na hakuna mtu anakuja kukuambia nunua kuku usinunue godoro.

Niseme ukweli, mimi mwenyewe nilimkataza. Tulikuwa tumesikia Homa Bay watu wengi walikataa hizo pesa kabisa, wakisema ni za mashetani, ati ukizikula kuna mtu wa familia yako atalipa kwa damu. Mimi niko Kisumu nauza mitumba soko la Kibuye, nikampigia mama nikamwambia asikubali kuandikwa, nikaongea nikaongea. Akanyamaza, halafu akaniuliza, "Nyathina, mwanangu, maji yanadondoka hapa juu ya kitanda, wewe ndio utakuja kuezeka?" Sikuwa na jibu. Akaandikwa.

Mgao wa kwanza ulikuja bila shida yoyote, na vile mama alizitumia ndio kitu ningetaka kila mtu anayeongea vibaya asome. Alianza na mabati. Watu wa mjini hufikiria nyasi ni ya bure, aki si ya bure, siku hizi mashamba yamelimwa yote, nyasi unanunua kwa mizigo, unanunua kamba, unalipa fundi, unapikia wale wanasaidia, na baada ya misimu michache mchwa wamekula unarudia tena. Mama amekuwa akilipa hiyo paa tangu nikiwa mtoto. Mabati ishirini na nne na kofia zake na misumari, fundi siku tatu, kwisha. Halafu akaweka gata na mapipa mawili, kwa hivyo mvua ikinyesha hashuki mtoni na yale magoti yake. Deni la unga kwa duka akamaliza. Karo ya kitinda mimba akalipa ile ya nyuma. Mke wa ndugu yangu alikuwa na mimba kubwa, na alikuwa bado anaenda kulima vibarua kwa watu, mama akamwambia kaa nyumbani nitakupa ya kula, na siku ya kujifungua ikifika pikipiki iko hapa na hospitali tunaenda. Mtoto yuko, ananenepa.

Na akanunua thamosi. Nyekundu, iko na maua. Mtu akiona hiyo thamosi atasema ona sasa, anasa. Lakini mama alikuwa ameacha kukaribisha watu kwake. Wanawake wa chama walikuwa wanakutana kwa wengine, kwake hapana, sababu hana chai ya kuwapa na hawezi kutoa mchango wa matanga wakati wengine wanatoa. Siku hizi thamosi inakaa mezani imefunikwa na kitambaa alichoshona mwenyewe, na akiitwa kwa mchango anaenda na noti yake ameifunga kwa leso.

Sasa tukuje kwa mgao wa pili.

Mama hakusoma. Hesabu zake anafanya na maharagwe. Ana mkebe wa majani ya chai, kila elfu moja ni punje moja, akitumia anatoa punje anaweka kwa kikombe. Mnaweza kucheka lakini nimekaa naye jioni moja nikiwa na kalamu yangu na karatasi, nikakosea mimi, yeye hakukosea. Mgao wa pili ulipoingia alienda kwa ajenti, hapo dukani, kutoa elfu ishirini za kulipia ndama. Akarudi nyumbani akahesabu noti tena, akaweka punje kumi na tisa, ya ishirini ikakataa. Ilibaki na mia tano peke yake. Mama akachukua hiyo punje ya ishirini akaipasua katikati kwa kisu.

Mimi sikuambiwa na yeye. Niliambiwa na binamu yangu ambaye alikuwa kwa foleni siku hiyo, na mpaka leo nikikumbuka mkono unanitetemeka. Mama alipitisha simu yake kwa lile dirisha la waya, ni mulika mwizi tu imefungwa na mpira kwa sababu kifuniko cha betri kilipotea. Yule msichana hata hakumwangalia usoni. "Pin." Mama akanyamaza, hakuelewa. "Mathe, pin! Namba ya siri! Sema haraka watu wanangoja." Na mama yangu, mbele ya watu kama kumi na tano kwa foleni, na wengine wamekaa kwa veranda hata hawana shughuli hapo, akasema namba yake ya siri moja moja kwa Dholuo. Kuna kijana akairudia kwa sauti akicheka. Hiyo namba ni mwaka baba alikufa. Aliichagua ndio asiisahau.

Halafu yule msichana akabonyeza bonyeza, akahesabu noti haraka haraka, akamwambia, na hii binamu yangu aliirudia neno kwa neno, "Nyinyi wa pesa za bure mnasumbua sana, na wiki haitaisha mtakuwa mmezinywa zote." Mama akauliza mbona hazijatimia. Akaambiwa mia tano ni ya kusaidiwa kubonyeza. Hakupewa hata kile kitabu cha kusaini aweke alama yake.

Sikilizeni. Ada ya kutoa pesa inakatwa kwa simu, sio kwa noti ziko mkononi. Imebandikwa pale ukutani, karatasi kubwa, na ajenti analipwa kamisheni yake na kampuni kwa kila mtu anatoa. Hakuna kitu inaitwa ya kubonyeza. Na hakuna mtu, awe ajenti awe mtoto wa dada yako, ana ruhusa ya kukuuliza namba ya siri. Mama zenu wako hivyo hivyo huko nyumbani, hebu pigeni simu leo muwaulize.

Halafu hiyo ya kunywa. Mama yangu hajawahi kuonja hata busaa. Lakini hata kama ni watu wengine, hiyo maneno ilishapimwa. Msichana wangu anasoma chuo huko Maseno ndiye alinisomea, kuna watafiti walifanya utafiti Rarieda, hapo hapo Siaya, kati ya 2011 na 2013, wakafuata familia zilizopewa pesa na zile hazikupewa, na matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka. Watu walinunua chakula, mabati, mifugo. Halafu kukaja ule mkubwa wa vijiji 653, na mjue ni wapi, Alego, Ugunja na Ukwala, yaani kwetu kabisa, familia zaidi ya 10,000 zikapewa kama dola 1,000 kila moja. Wakakuta hata jirani ambaye hakupewa kitu maisha yake yalipanda, kwa sababu pesa ikiingia inazunguka, kila dola moja ikaleta kama mbili na nusu hapo kijijini. Na bei sokoni hazikupanda vile watu husema, kama asilimia 0.1 tu.

Na hiyo ndio ilinichoma zaidi, kwa sababu mimi nalijua hilo duka. Lilikuwa kibanda cha mbao, kimeinama upande, na mvua ikinyesha mwenyewe anafunga. Leo ni la mawe, liko na taa na tailisi mbele. Si ni sisi? Si ni hizo hizo za bure ndio zilileta foleni? Kila mama anasimama hapo kwa jua kutoa elfu mbili tatu anamwachia kamisheni, na bado anatukanwa.

Nilipanda matatu asubuhi nikashuka Ugunja nikachukua boda. Sikuenda hata nyumbani kwanza. Nikasimama kwa foleni kama mtu yeyote, zamu yangu ikafika nikamwambia mimi ni mtoto wa mama fulani, nataka mia tano yake. Akaniangalia, ni msichana mdogo tu, labda miaka ishirini na mbili, akaniambia, "Kwani ni jasho lako? Si alipewa tu."

Si alipewa tu.

Nimeuza mitumba miaka kumi na tatu, nimetukanwa na kanjo na nimetukanwa na wateja, lakini hilo neno lilinipata mahali sikujua pako wazi. Nilipaza sauti, nakubali. Nikamwambia ikishafika kwa simu ya mama ni ya mama, kama vile mshahara wako ukifika ni wako. Na wakati naongea mzee mmoja nyuma yangu akainua fimbo akasema hata yeye alikatwa mia tatu. Mwanamke mwingine mia mbili. Mwingine hakujua alikatwa ngapi kwa sababu hakuhesabu, alikuwa anaona aibu kuhesabia hapo. Wote wanyamavu, wote walifikiria ndio utaratibu, wote walikuwa wameamini kwamba mtu akipewa kitu hana haki ya kuuliza. Msichana akatoa mia tano akaitupa kwa meza, akafunga dirisha.

Nikapiga ile namba ya bure ya shirika. Nilikuwa nimejitayarisha kugombana lakini kijana alishika simu haraka, akaongea Dholuo safi na heshima, akamwita mama "mama" si "mathe", akaandika kila kitu. Akasema watafuatilia ndani ya wiki mbili. Hizo wiki zimepita zamani na sijasikia kitu, kwa hivyo hapo sijui niwape nyota ngapi. Nilikuwa nataka kuwapa sifuri. Lakini nikiwa naandika hii mvua imeanza hapa Kisumu, na kwa mara ya kwanza maisha yangu yote mvua ikinyesha usiku siwazi mama amehamisha kitanda upande gani.

Basi sijui. Nilianza nikitaka kuwaambia msikubali kuandikwa mpaka hayo maduka yanyooshwe. Nafuta hiyo. Mkubali, muandikwe, mchukue. Lakini siku ya kwanza ya kutoa mtu wa nyumbani aende na mama asimame kando yake, asimshikie simu, asimame tu. Mtu wa shirika pia anaweza kuja soko moja asubuhi moja, akae kwa hiyo foleni saa mbili, aone mwenyewe. Kufikisha pesa hadi kwa simu mmefanya vizuri sana, nawashukuru kutoka moyoni na sitanii, lakini kutoka kwa simu hadi kwa mkono mmemwachia mama yangu peke yake na yule mtu.

Pesa nazipa nyota tano. Dirisha halipati nyota hata moja. Mkitaka katikati wekeni tatu, ingawa hiyo tatu nayo naona si haki kwa yale mabati.

Tulikaa na mama jioni hiyo tukabadilisha namba ya siri. Alifanya mazoezi juu ya meza na kidole bila simu, halafu kwa simu, mara nyingi sana, mpaka akawa anabonyeza akiangalia pembeni. Sijui ni namba gani na sikuuliza. Siku hizi anatoa pesa Ugunja, boda ni mia moja kwenda na mia moja kurudi, anasema afadhali. Ile noti ya mia tano nilimletea, akaiweka chini ya thamosi. Nikamwambia sasa rudisha punje iwe nzima, toa hiyo iliyopasuka weka ingine. Akakataa. Nusu iko kwa mkebe na nusu iko kwa kikombe, na ndama tayari amefungwa nyuma ya nyumba.