Uzoefu wangu: vasi la Aalto, glasi za mtumba na picha ya Tingatinga kwenye sebule ya Helsinki

Wadau mnaoishi huku kaskazini, hasa Ufini, naomba niwape uzoefu wangu kuhusu vasi na vyombo vya kioo vya kupambia nyumba majira haya ya machipuko. Naona kwenye magrupu kila ikifika mwezi wa tatu watu wanauliza wanunue vasi gani, wanajibiwa chukua lolote la bei poa, basi imeisha. Mimi sikubaliani. Hiki ni kitu utakachokiangalia kila siku, na ukichagua vizuri kinakaa mpaka wajukuu.

Kwanza kabisa, huku kioo unakichagua kwa mwanga. Helsinki mwezi wa kumi na mbili jua linakuwepo masaa kama 6 tu, na siku nyingi hulioni kabisa, mawingu tu. Ikifika mwisho wa mwezi wa tatu siku ina masaa kama 13 na jua lenyewe liko chini, haliji kutokea juu kichwani kama la kwetu, linaingia ubavuni moja kwa moja mpaka katikati ya sebule, linaonyesha kila vumbi na kila alama ya kidole. Kipindi hicho ndo kioo kinafanya kazi yake. Kwa hiyo kabla hujatoa hela jua dirisha lako linaangalia wapi na hicho chombo kitakaa wapi, sababu vasi zuri ukiliweka kona ya giza unakuwa umenunua chupa tu. Langu linaangalia magharibi, jua napata kuanzia mchana mpaka jioni, na vyote nilivyonunua nimevichagua kwa ajili ya dirisha hilo.

Sasa vasi lenyewe. Nilinunua la Aalto, lile la urefu wa milimita 160, kioo cheupe kisicho na rangi. Kwa wasiolijua, ni lile ambalo mdomo wake hauna duara wala pembe, unapindapinda tu kama ufukwe wenye ghuba, na hakuna upande wa mbele wala wa nyuma. Alvar Aalto, yule msanifu majengo, alilipeleka kwenye shindano la viwanda vya Karhula na Iittala mwaka 1936, mwaka uliofuata likaonyeshwa kwenye maonyesho ya dunia Paris na likawekwa pia kwenye mgahawa wa Savoy hapa Helsinki ambao ndani uliundwa na yeye na mkewe Aino, ndo maana wengine wanaliita vasi la Savoy. Mwanzoni walikuwa wanapulizia kioo ndani ya kalibu za mbao ambazo zilikuwa zinaungua taratibu kadiri zinavyotumika, miaka ya 1950 wakahamia kalibu za chuma. Mpaka leo linapulizwa kwa mdomo na mafundi wa kiwanda cha Iittala, na ukilishika utajua, kitako kizito, ukuta umenenepa hapa ukapungua pale kidogo sana, na maji ukiweka yanaonekana kama yamesimama yenyewe.

Jipya dukani ni zaidi ya yuro 100, na kwa wengi wetu hiyo ni hela ya chakula cha wiki mbili, siwezi kumwambia mtu akanunue jipya. Langu nimelipata kirpputori, zile sehemu za mtumba ambapo mtu anakodi meza, anapanga vitu vyake na kubandika bei, we unachukua unaenda kulipa kaunta. Yuro 55. Wafini wanapewa hivi vyombo harusini, kwenye kustaafu, kwenye birthday ya 50, mtu mmoja anaweza kuwa navyo vitatu na nyumba imejaa, kwa hiyo mtumba vipo kibao. Ila kagua. Geuza uangalie kitako, mengi yana jina Alvar Aalto limechorwa kwenye kioo chenyewe, kwa mkwaruzo mwembamba, siyo wino. Kile kibandiko chekundu chenye herufi i, ambacho mbunifu Timo Sarpaneva alikichora mwaka 1956, usikitegemee sana sababu kinabanduka, na mwaka 2024 kampuni ilibadilisha nembo. Halafu pitisha kidole kwenye mdomo wote polepole. Mdomo wa hili vasi umekatwa na kusuguliwa, lazima uwe bapa na laini, ukikutana na sehemu inakwaruza ujue pamemeguka. Mwisho linyanyue kwenye mwanga, ukiona ndani kuna ukungu mweupe usiotoka hata ukipangusa kwa kidole chenye maji, hicho kioo kimeliwa, mara nyingi ni ile mashine ya kuoshea vyombo, na hakirudi tena kwenye hali yake. Achana nalo hata wakikupa kwa yuro 10.

Kwenye maua ndo watu wengi wanalilaumu. Mdomo ni mpana, ukiweka maua matano yanaangukia pembeni kila moja na njia yake. Wifi yangu alikuja Jumamosi moja akakuta nimeweka tulipu fupi fupi zimelala kwenye kona za kioo akaniambia, "Wifi, haya si yameshakufa?" Nikamwambia njoo kesho. Tulipu zikishakatwa bado zinaendelea kurefuka ndani ya maji, tena kwa sentimita kadhaa, na zinageukia mwanga, kwa hiyo Jumapili alipokuja kula zilikuwa zimenyanyuka zote zimegeuza shingo kwenye dirisha, kila kona ya vasi ina ua lake. Akakaa anaziangalia muda mrefu, af akaniuliza nimenunua wapi. Huo ndo uzuri wa chombo hiki, hupangi maua wewe, unayakata mafupi unayaachia. Maji weka kidogo tu na yawe ya baridi, tulipu hazitaki kujazwa maji mpaka shingoni. Na zile nasisi (daffodil), maua ya njano ya Pasaka, usizichanganye na tulipu zikiwa zimekatwa muda huo huo, zinatoa utomvu unaoziharibu tulipu. Ziweke kwanza peke yake kwenye ndoo usiku mzima, utomvu ukatike, bila kuzikata tena, ndo uzichanganye.

Kwa matawi hili vasi la 160 halifai, nasema wazi. Wafini kabla ya Pasaka wanakata matawi ya mti wa birch wanayaleta ndani kwenye maji, baada ya wiki mbili hivi yanatoa majani mabichi kabisa wakati nje bado kuna theluji, na kuna matawi ya mti wa willow yenye vile vifundo laini vya manyoya ambayo watoto wanayapamba wanapita nayo mlango kwa mlango Jumapili ya Matawi kuombea watu baraka na kupewa chokoleti. Watoto wetu wanapenda sana hiyo siku. Matawi ni marefu na yana uzito juu, yanahitaji chombo kirefu, shingo nyembamba, kitako kizito, la sivyo paka akipita tu yote chini. Mimi natumia chupa nene ya zamani ya kijani ya kiwanda cha kioo cha mji wa Riihimäki, yuro 12 mtumba. Kile kiwanda kiliacha kutengeneza kioo mwaka 1990 na jengo la zamani pale mjini sasa ni makumbusho ya kioo ya taifa, kama unapenda hivi vitu panda treni nenda, ni chini ya saa moja kutoka Helsinki. Mimi nilitoka pale naona kioo tofauti kabisa.

Kuosha ndo kero yake kubwa. Zile kona za ndani mkono hauingii, na maji ya maua yakikaa siku nyingi yanaacha utelezi na mstari. Mimi naweka siki na kiganja cha mchele, naongeza maji ya vuguvugu, nalizungusha polepole, mchele unasugua kona zote bila kukwaruza, af nasuuza nalifuta papo hapo kwa kitambaa cha pamba. Bahati nzuri maji ya Helsinki ni laini, yanatoka ziwa Päijänne kwa handaki la kilomita 120, hayaachi chokaa sana. Nyie wa London nadhani mnajua birika zenu zinavyokuwa, kwenu siki ni kila wiki. Na tafadhali usichukue chombo kilichokaa balkoni kwenye baridi ukakimiminia maji ya moto, kitapasuka mkononi.

Kuhusu vasi za rangi nina jambo. Kuna duka moja la mtandaoni lilinitumia vasi tatu zilizoandikwa kioo cha rangi, pinki, kijani na njano, picha zinavutia hatari. Zimefika, nimeweka maji, baada ya muda mfupi rangi ya pinki ikaanza kubabuka kwa ndani kama ngozi. Kumbe ilikuwa kioo cheupe kimepulizwa rangi. Nikawaandikia, wakanijibu maelezo yalisema ni ya mapambo tu siyo ya maji! Vasi lisilowekwa maji, jamani. Hela walirudisha nusu baada ya kubishana sana. Sasa kabla sijanunua chochote cha rangi naangalia ukingo na kitako, kioo ambacho rangi imeyeyushwa ndani yake kinakuwa na rangi nzito zaidi pale kilipo kinene, kile cha kupulizwa rangi ukikiangalia ukingoni kwa ubavu unauona weupe. Ukinunua mtandaoni omba picha ya kitako, muuzaji akikataa endelea na maisha yako.

Kwa vyombo vidogo vya mezani sina maneno mengi, nimevipenda tu. Glasi za Aino Aalto, zile zenye mistari ya duara za mwaka 1932, ni kioo cha kukandamizwa, imara, watoto wanatumia kila siku na maua mafupi yanakaa humo vizuri. Na sahani ya Kastehelmi ya Oiva Toikka ya mwaka 1964, ile yenye vitone vya umande vimejipanga duara, vile vitone viliwekwa ili kuficha alama za kalibu, na jua likipita hapo mezani panajaa vidoti vya mwanga. Bakuli lenye vitone hivyo naoteshea zile nyasi za Pasaka wanazoita rairuoho, mbegu juu ya udongo kidogo, kama siku kumi tayari una kijani, mwanangu anazikata na mkasi anazitengenezea mtindo wa nywele. Kitu kimoja cha usalama, chombo cha mviringo kama mpira kilichojaa maji usikiache juani karibu na pazia au karatasi, kinaweza kukusanya miale na kuunguza.

Picha sasa. Ukutani sikutaka bango la maua ya kuchapishwa ambalo lipo kila nyumba. Nilikuwa na Tingatinga yangu niliyoitoa Dar, pale kwa ushirika wao Oysterbay karibu na Morogoro Stores, ndege wa rangi na mbuyu. Edward Saidi Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa vipande vya hadibodi na rangi za kung'aa za kupaka baiskeli, alifariki 1972 lakini mtindo umebaki, na ile rangi ya kung'aa ndo siri ya ukuta wa huku. Ukiitundika mkabala na dirisha unaona dirisha tu ndani ya picha. Nimeitundika ukuta wa pembeni, mwanga unaipitia kwa ubavu, rangi zinaamka bila kung'aa machoni. Kwa wanaosafirisha, iviringishe kama mkeka, upande wa rangi uwe nje, weka karatasi laini isiyoshika katikati, na usiiviringishe bado haijakauka sawasawa maana rangi ya mafuta inanata. Fremu ya kuvutia turubai huku ilinigharimu kuliko picha yenyewe, bora kupimisha na kununua vipande vya mbao vilivyo tayari uvute mwenyewe.

Na kwa asiye na picha, kuna kitu Waswahili wengi hapa hawakijui, taidelainaamo, yaani sehemu ya kukodi kazi za sanaa, chama cha wasanii wa Helsinki wanayo. Unachagua mchoro, unalipa kila mwezi kidogo kidogo, na unacholipa kinapunguzwa kwenye bei mpaka unakuwa wako, au usipoupenda unarudisha. Nimechukua mchoro mdogo wa karatasi, maji na buluu tupu, huo nao nimeuweka mbali kabisa na jua sababu rangi za maji kwenye karatasi zinapauka. Nimejaribu vasi la kioo cheupe chini yake kwenye kabati, na jioni kivuli chake kinapanda ukutani mpaka karibu na fremu, nimeliacha hapo hapo.

Ukiniuliza vasi la Aalto naliwekea alama ngapi, naliwekea nne juu ya tano, moja nimeitoa kwenye kuosha. Kwa bei ya mtumba chukua bila kufikiri, kwa bei ya dukani subiri punguzo. Mwenye bajeti ya yuro 30 anunue chupa moja nzito ya kijani ya zamani kwa ajili ya matawi na glasi mbili za mistari kwa ajili ya maua mafupi, matawi yenyewe kama hayako shambani kwako muombe mwenye kiwanja kwanza, huku kukata mti wa mtu bila ruhusa ni kosa kisheria.