Kinga ya kutu kwa meza za mashine za useremala Mombasa: nunua kipi kwanza, kipi ukiache dukani

Ukitaka kujua kwa nini meza ya msumeno wako inashika kutu, tazama chumvi ya jikoni. Nyumba nyingi za Mombasa hutia punje za mchele kwenye kichupa cha chumvi, maana bila hizo asubuhi unakuta bonge lililolowa. Chumvi ya kawaida hunyonya maji ya hewani mpaka ikayeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, na hapa kwetu usiku kiwango hicho hupitwa mara kwa mara. Chumvi hiyo imo kwenye upepo, uwe wa kusi au wa kaskazi, kwa kuwa pepo zote mbili hupita baharini kabla ya kutufikia. Inatua juu ya chuma usiione, inajivutia maji, na kutu inaanza kazi ukiwa umelala.

Jambo la pili ni uzito wa meza yenyewe. Meza nzuri za randa, bendiso (msumeno wa mkanda) na msumeno wa meza ni za chuma cha kumimina, kile kizito cha kijivu. Kikipoa usiku, asubuhi hakipati joto upesi. Hewa ya nyuzi 29 yenye unyevu wa asilimia 80 huweka umande juu ya kitu chochote chenye nyuzi 25 au chini. Kwa hiyo saa mbili au saa tatu asubuhi, mlango ukifunguliwa na hewa ya joto ikaingia, meza hutoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Pitisha kidole uone.

Na la tatu ni sisi wenyewe. Jumamosi moja jioni, kijana wetu wa karakana kule Kisauni aliegemea meza ya msumeno kwa mkono mmoja huku akibadilisha mkanda kwa mkono mwingine. Jumatatu tulikuta kiganja chake pale, vidole vitano vya rangi ya hudhurungi, hata mikunjo ya ngozi ilionekana. Ilichukua nusu saa ya msasa kukifuta, na kivuli chake bado kipo ukiinama ukaitazama meza dhidi ya mwanga wa mlango.

Ndiyo maana katika kupanga vitu hivi sikuangalia kipi kinang'arisha zaidi siku ya kwanza. Nimeangalia kinakaa siku ngapi bila kuguswa, kinaacha nini juu ya mbao, na kama fundi wa hapa mjini anaweza kukipata bila kusubiri mzigo wa meli.

1. Nta ngumu ya mkebe

Hii ndiyo ya kununua kwanza, na kwa karakana nyingi inatosha. Nta hukauka ikawa utando mwembamba ambao maji hayaupiti kwa urahisi. Haichafui mbao, na faida yake nyingine utaihisi mkononi siku ileile: ubao unateleza mezani badala ya kusukumwa.

Dukani utaikuta kama polishi ya samani au ya sakafu. Chukua isiyo na rangi. Ile nyekundu ya sakafu itakupaka ubao wa mwembe au msonobari, na wekundu huo ukishaingia kwenye nyuzi za mbao hautoki. Kisha soma mkebe, tena usome kweli: kama kuna neno silikoni, rudisha. Nimelipia somo hili. Muuzaji wa duka moja alinihakikishia kwamba nta ya gari ni ileile tu, nikapaka meza ya randa, na mbao zote za kabati la bi harusi zikapita juu yake. Tulipopiga vanishi ikajikunja na kuacha vitundu vya duara kila mahali, kama mtu aliyenyunyiza mafuta juu ya maji. Milango minne ya mvule ilirudi kwenye msasa, na mwenyewe anasubiri siku ya harusi. Nta nyingi za gari zina silikoni, na silikoni ikishashika mbao, vanishi haikubali kulala.

Kama mkebe unataja nta ya kanauba, lipa hicho kidogo cha ziada. Hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi unaomea Brazili, na huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 80, ilhali nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Kwa karakana ya mabati ya Changamwe mchana wa Februari, tofauti hiyo si ya vitabuni. Nta ya nyuki peke yake hulainika, ikashika vumbi la mbao, na jioni meza ina gundi.

Hata hivyo nta ya nyuki ndiyo rahisi kuliko zote, hasa ukiwa na mtu wa kukuletea kutoka Kitui au kwingine Ukambani, na ukiipaka nyembamba inafaa. Yeyusha sehemu moja ya nta ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria ya maji moto. Liondoe kopo motoni kabisa, litoe nje, mbali na jiko, ndipo umimine sehemu nne za tapentaini ukikoroga. Usithubutu kumimina tapentaini karibu na makaa. Mvuke wake hushika moto kabla hujaona chochote.

Namna ya kupaka ina uzito kuliko chapa ya mkebe. Kwanza chumvi itoke. Mafuta ya taa hayaondoi chumvi, maji ndiyo yanayoiondoa, nayo yawe maji matamu, kwa sababu visima vingi vya hapa maji yake ni ya chumvi na utakuwa umepaka ugonjwa. Kitambaa kilichokamuliwa vizuri, pitisha, kausha papo hapo, halafu futa kwa spiriti. Subiri mchana, chuma kiwe na uvuguvugu. Paka nta kidogo kwa kitambaa cha pamba kwa mzunguko, iache dakika 10 hadi 15 mpaka ifubae, kisha sugua kwa nguvu na kitambaa kingine. Siku hiyo rudia mara ya pili. Usisahau mfereji wa kile kigongo cha kusukumia ubao, maana kutu hupenda kuanzia humo.

Jaribio lake ni tone la maji. Likisimama kama ushanga, nta ipo. Likitandazika, imekwisha. Kwa meza inayofanya kazi kila siku mimi hupaka kila baada ya wiki mbili, na wakati wa masika kila wiki.

2. Dawa ya kupuliza inayoacha utando wa nta

Hapa nazungumzia dawa ambazo kimiminika chake hupaa na kuacha nta nyembamba juu ya chuma. Inayojulikana sana kati ya wenye mashine ni Boeshield T-9, iliyobuniwa na kampuni ya ndege ya Boeing. Kwa uwezo wa kukaa muda mrefu inaishinda nta ya mkebe, na inaingia mahali ambapo kitambaa hakifiki: chini ya meza, kwenye skrubu za kuinua na kushusha msumeno, kwenye bawaba za randa.

Nimeiweka ya pili kwa sababu mbili. Mara nyingi ni ya kuagiza, na bei yake pamoja na usafiri ni ya juu mno kwa fundi anayelipwa kwa kitanda na meza. Pili, usipoisugua vizuri juu ya meza hubaki na ulaini unaoshika vumbi. Mwenye randa nzito ya bei kubwa, au mwenye mashine inayokaa wiki tatu bila kuwashwa, anunue. Wengine waulize maduka yanayohudumia boti na injini za baharini kama yana dawa ya kuzuia kutu ya aina hiyo. Wenye boti wana adui mmoja na sisi, na mara nyingi bidhaa zao zinafaa. Soma tu habari ya silikoni kabla hujalipa.

3. Mafuta ya cherehani

Chupa ndogo, bei ndogo, yako karibu kila duka linalouza uzi na sindano. Ni mafuta mepesi ya madini, hayagandi na hayaozi. Ukiyapaka jioni na kuyafuta mpaka meza ionekane kavu, yanavusha usiku mmoja au siku mbili bila tatizo. Asubuhi lazima uyafute tena kwa kitambaa kikavu, la sivyo ubao wa kwanza utayanywa na rangi au gundi itagoma mahali hapo. Kwa kijana anayeanza na msumeno mmoja, chupa hii na nidhamu ya kila jioni ni bora kuliko mkebe wa nta anaoukumbuka mara moja kwa mwezi.

4. WD-40

Dawa hii ya kopo la kupuliza wengi wangeiweka ya kwanza, kwa hiyo nieleze kwa nini ipo hapa. Ilitengenezwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani, na jina lake linaeleza kazi yake: kuondoa maji, fomula ya 40. Kuondoa maji inajua kweli. Mabati yakivuja juu ya mashine, au ukishafuta chumvi kwa maji, pulizia na ufute, unyevu wote unatoka hata kwenye nyufa. Lakini utando unaobaki ni mwembamba sana na haudumu kwa hewa yetu. Niliwahi kuitegemea peke yake msimu mmoja wa vuli, na kila Jumatatu nilikuta vidoa vidogo vya rangi ya chai. Uwe nayo karakanani, ila baada yake fuatisha nta.

Kifuniko, cha kununua pamoja na lolote hapo juu

Kifuniko sikukipa namba kwa sababu hakizuii hewa yenye unyevu. Kinazuia vumbi lenye chumvi na matone tu. Paa la mabati alfajiri hutoka jasho kwa ndani na kudondoka, na tone moja usiku mmoja linatosha kuacha duara kwenye chuma kitupu. Nunua kitambaa cha pamba kinachopumua, turubai jepesi au hata marekani nzito iliyoshonwa kwa kipimo cha meza. Nailoni usiiweke. Hufungia unyevu ndani na meza inapikwa kwa mvuke kila asubuhi. Blanketi kuukuu nalo halifai, linashika maji kama sifongo. Na kabla ya kufunika, futa vumbi lote la mbao, kwa sababu vumbi la mbao mbichi ni tope la asidi: mbao nyingi zina asidi zake, na zikilala juu ya chuma zikiwa na maji huacha alama nyeusi.

5. Mashine ya kukausha hewa

Kwa kibanda chenye pande wazi, usinunue. Utakuwa unakausha Bahari ya Hindi. Inafaa tu kwa chumba kinachofungika, chenye dari, madirisha yanayoziba na mlango usio na pengo chini. Hata hapo piga hesabu: mashine ya wati 400 ikiwaka mchana na usiku hula karibu yuniti 10 za umeme kwa siku. Zile lita 20 kwa siku zilizoandikwa kwenye boksi kwa kawaida hupimwa kwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, yaani hewa kama yetu, kwa hiyo namba hiyo angalau si ya kukupotosha. Mwenye studio iliyofungwa Nyali na mashine tatu nne za thamani anaweza kuiona faida yake.

Kwa meno ya msumeno, visu vya randa na patasi, chembe za silika kwenye sanduku linaloziba hutosha. Zikijaa maji zioke kwenye oveni na uzirudishe.

Vya kuacha

Oili chafu ya gari ina maji, asidi na masizi. Inapaka meza weusi na baadaye inapaka mteja. Mafuta ya nazi na ya kupikia huchacha, na asidi yake inakula chuma. Wapo wanaopaka sifa, yaani mafuta ya papa, wakiona mafundi wa majahazi wanavyoipaka kwenye mbao za chombo. Kwa jahazi ni kazi ya miaka mingi na ina maana yake. Kwa meza ya mashine itakauka ikanata, na kabati la nguo litanuka papa. Na dawa ya asidi inayogeuza kutu kuwa nyeusi ni ya magrili na mageti, kwa kuwa huacha uso mkavu wenye mikwaruzo, na ubao hautateleza tena.

Kama kutu imeshaingia, nunua msasa wa namba 320 na 400, ufunge kwenye kipande cha ubao ulionyooka, utie mafuta ya taa, na usugue kwa mstari mmoja tangu mwanzo hadi mwisho wa meza. Usitumie grainda. Meza ikishapoteza unyoofu wake hakuna mkebe utakaourudisha.

Na ukifunga karakana kwa Idi au kwa Desemba yote, paka nta nene na safari hii usiisugue. Iache imefubaa hivyohivyo, pamoja na zile sehemu za chini ambazo huwa huziangalii, tandika marekani juu yake na uondoke. Ukirudi, kitambaa chenye mafuta ya taa kinaitoa kwa dakika tano.