TAHADHARI: Anayeuza bondi feki za leseni ya udila hapa Texas

Wakuu, hasa mlioko Houston, Dallas na Fort Worth mnaotafuta leseni ya udila (ya kuuza magari) ili muingie kwenye minada ya madila na kusafirisha magari kwenda Dar au Mombasa: kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp akiuza bondi ya dhamana inayotakiwa kwa leseni hiyo. Kiswahili chake safi, wakubwa anawaamkia shikamoo, mpole kupita kiasi. Msimpe hata senti.

Tangazo lake linasema bondi ya 50,000 kwa dola 900, krediti haiangaliwi, unaipata leo leo. Ukishalipa anakuja na la pili: tuma dola 2,500 za "amana", utarudishiwa leseni ikiisha muda. Anapokea kwa Zelle tu (ile ya kutumiana pesa kupitia benki), na jina linalotokea pale si lake.

Shemeji yangu alilipa zote mbili. Akaletewa PDF yenye nembo, sahihi na muhuri wa dhahabu, ukiiona huwezi kuitilia shaka. TxDMV, idara ya magari ya jimbo inayotoa leseni, wakaikataa. Leseni aliomba kwa jina la LLC (kampuni) yake, karatasi imeandikwa jina lake binafsi. Na ile hati ya uwakilishi, inayompa wakala mamlaka ya kusaini kwa niaba ya kampuni ya dhamana, haikuwemo kabisa. Baadaye mama mmoja Mkongomani tunayesali naye akatoa ya kwake tukaziweka pamoja mezani: namba ya bondi ni ileile, tarakimu kwa tarakimu! Kampuni iliyotajwa ipo kweli. Tulipoipigia, ikasema haina rekodi ya yeyote kati yao.

Anawapata watu kwa sababu wengi wetu tunadhani bondi ni bima yetu, au pesa ya kuweka. Hapa Texas dila wa magari yaliyotumika anatakiwa awe na bondi ya dola 50,000 ya miaka 2 (ilikuwa 25,000, ikapandishwa 2021). Hizo 50,000 hutoi wewe. Unalipa ada tu, sehemu ndogo ya hizo, na inapanda au kushuka kwa krediti yako. Ada hiyo ikishalipwa imekwenda, hakuna amana ya kurudishiwa. Anayelindwa ni mteja: ukimuuzia gari ukashindwa kumpa taito (hati ya umiliki), akakushinda mahakamani, kampuni inamlipa halafu inakugeukia wewe uirudishie. Sasa mtu anayekudhamini kwa kiasi hicho bila kutaka kujua unalipaje madeni yako, huyo anakudhamini kwa nini?

Kabla ya kulipa, tafuta jina la wakala na la kampuni kwenye tovuti ya Texas Department of Insurance. Ukipewa bondi, pigia kampuni yenyewe kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, usitumie iliyo kwenye karatasi, uwasomee namba ya bondi.

Mliokwisha kulipa, piga benki leo, ingawa Zelle ni ngumu kurudisha. Kisha peleka malalamiko hapo hapo Department of Insurance na kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Msifute chati zake. Na kama mmeshaipeleka karatasi hiyo TxDMV, waelezeni wenyewe mapema, maana maombi yana jina lenu na si lake.

Mwenye bondi kutoka kwake anitumie inboksi namba ya bondi tu tulinganishe. Msitume picha ya karatasi nzima, ina anwani zenu.